Alama na Nasaba: Mhadhara juu ya Kumtambua Kifaranga

Uliosomwa mbele ya wafugaji na walimu mjini Tanga



Niruhusuni nianze na lugha kabla sijafika bandani, kwa kuwa lugha yetu imekaa na kuku muda mrefu kuliko yeyote kati yetu tulioketi humu. Kuku dume asiyewika bado twamwita pora, na akishawika huwa jogoo, au jimbi kama wasemavyo baadhi ya wazee; kuku jike akishapevuka twamwita tembe, akianza kutetea kwa kutafuta mahali pa kutagia twamwita mtetea, na akishakuwa mzazi mwenye wana nyuma yake huyo ni koo. Kila jina katika majina hayo limepambanua dume na jike, na tena limepambanua umri na kazi. Lakini siku ile ya kwanza, yai linapopasuka na kiumbe kilicholowa kikajikokota kutoka ndani ya ganda, jina ni moja tu, kifaranga, nalo halina dume wala jike. Sidhani kwamba wazee wetu walipungukiwa na maneno, wao walioweza kumpa kuku mmoja majina matano. Naamini walikataa kulitaja wasiloliona.

Muradi wangu jioni hii ni kuuliza kama sisi leo tunaweza kuliona lile ambalo wao hawakuliona, yaani kumjua kifaranga wa siku moja kama ni dume au jike, na kama ni wa mbegu gani. Jibu langu, ambalo nitajitahidi kulitolea hoja, ni kwamba tunaweza, walakini si kwa kumtazama yeye peke yake. Wale miongoni mwenu waliosoma elimu ya hadithi za Mtume wanafahamu kwamba khabari haikubaliwi kwa uzuri wa maneno yake tu, bali huulizwa kwanza isnadi yake, yaani imepokewa na nani kutoka kwa nani, hata ufike mwanzo wake. Alama iliyo juu ya mwili wa kifaranga nayo ni khabari, na isnadi yake ni baba na mama. Asiyeijua isnadi hiyo ameshika maneno yasiyo na msemaji.

Somo hili nililipata kwa hasara. Nilipokuwa kijana nilinunua vifaranga 20 sokoni kwa mtu aliyesifiwa kwamba ana jicho. Alikuwa akimning'iniza kila kifaranga kwa miguu, kichwa chini. Aliyefurukuta akamtia katika tenga la madume, na aliyetulia akamtia katika tenga la majike, nami nikalipia tenga la majike kwa bei ya majike, nikarudi nyumbani nikihesabu mayai ambayo hayajatagwa. Miezi ikapita, na alfajiri moja banda zima likawika. Zaidi ya nusu ya wale mitetea wangu walikuwa majogoo. Nilipomwendea bibi yangu kumlalamikia, naye alikuwa mwenyeji wa Pangani aliyefuga kuku tangu utoto wake, hakunicheka wala hakumlaani muuzaji, aliuliza tu: "Mjukuu wangu, wazazi wao uliwaona?" Nikamjibu, "Sikuwaona, bibi." Akasema, "Basi uliona nini?"

Swali hilo ndilo mhadhara wangu wote, na yote nitakayoyasema ni sherehe yake.

Tuanze kwa kuziondoa dalili zisizo dalili. Ya kufurukuta mmekwisha kuisikia. Ipo nyingine ya sindano iliyofungwa uzi na kuning'inizwa juu ya yai, kwamba ikizunguka ni jinsi moja na ikienda huku na huku ni jinsi ya pili. Na ipo iliyo kongwe kuliko zote, kwamba umbo la yai hueleza aliyemo. Juu ya hiyo ya mwisho wenye hekima wa kale walitofautiana tofauti kubwa: Aristotle wa Uyunani ameandika kwamba yai refu lenye ncha hutoa jike na la mviringo hutoa dume, na Pliny wa Roma, aliyekuja baada yake kwa miaka 400, ameandika kwamba la mviringo ndilo la jike. Hawawezi kuwa wakweli wote wawili. Na hakika ni kwamba hakuna aliye mkweli kati yao, kwa sababu jinsi ya kifaranga huamuliwa ndani ya mwili wa mama kabla ganda halijaanza kujengwa. Kiini kinapotoka katika kifuko cha mayai tayari kimekwisha kubeba hukumu yake, ilhali ganda huja kuvikwa baadaye, kwa kazi ya takriban saa 20, katika sehemu nyingine kabisa ya njia ya yai. Ganda ni kanzu, na kanzu haimjui aliyeivaa.

Pengine mtauliza, ikiwa dalili hizo ni batili, zimeishije miaka elfu mbili na zaidi? Zimeishi kwa sababu vifaranga hutoka takriban nusu kwa nusu, na anayekisia kwa macho yaliyofumbwa atapatia mara moja katika kila mara mbili. Hakuna uongo unaosema kweli mara nyingi kama huu. Nusu iliyopatiwa husimuliwa barazani, nusu iliyokosewa huchinjwa ikaliwa, na aliyekula hakumbuki kuandika.

Sasa tuziendee dalili za haki. Ili tuzielewe yatubidi tujue jambo moja la maumbile, nalo nitalieleza kwa urahisi niwezavyo. Katika chembe za mwili wa kuku zimo nyuzi za urithi zinazoitwa kromosomu, na mbili kati ya hizo ndizo zinazoamua jinsi. Jogoo ana mbili zilizo sawa, ambazo wataalamu wameziita Z na Z. Kuku jike ana Z moja tu, na ya pili ni ndogo iitwayo W. Kwa hiyo katika ndege mama ndiye anayegawa jinsi, kinyume cha sisi wanadamu. Lakini tazameni linalofuata, kwa maana ndilo lenye faida: binti hupokea W kutoka kwa mama, basi Z yake pekee huipata kwa baba, na mtoto wa kiume hupokea Z moja kwa baba na moja kwa mama. Ikiwa rangi fulani ya manyoya imeandikwa juu ya Z, na ikiwa rangi ya mama ina nguvu ya kuifunika ya baba, basi mabinti watavaa vazi la baba yao na wana wa kiume watavaa vazi la mama yao, na mtu aliyesimama mbele ya sanduku la vifaranga atawatenga kama atengaye mchele na choroko.

Mfano wake tunao katika kuku wawili ambao wafugaji wa Afrika ya Mashariki wamewafahamu tangu siku za ukoloni. Mmoja ni yule mwekundu, Rhode Island Red. Wa pili ni yule mweupe mwenye ushanga mweusi shingoni, Light Sussex. Mkimtia jogoo mwekundu kwa matembe weupe, vifaranga wa kiume watatoka wa rangi ya manjano iliyopauka, na wa kike watatoka wa rangi ya dhahabu iliyokoza, na tofauti yao itaonekana mara tu malaika wao watakapokauka. Kadhalika mkimtia jogoo huyo huyo mwekundu kwa koo wa milia, aitwaye Plymouth Rock, vifaranga wote watatoka weusi, lakini wa kiume watakuwa na doa jeupe utosini, na wa kike hawatakuwa nalo.

Haya si mambo ya jana. Katika Vita Kuu vya kwanza, chakula kilipokuwa adimu Uingereza, Reginald Punnett, mwalimu wa elimu ya urithi katika Chuo Kikuu cha Cambridge, alionyesha kwamba rangi hizo zingeweza kutumiwa ili madume yasiyotakiwa yatambuliwe mapema na nafaka isipotee. Na mwaka 1929 akatangaza mbegu mpya, Cambar, aliyoipata kwa kuchanganya kuku wa Campine na yule wa milia, ambayo vifaranga wake hutofautiana dume na jike kizazi baada ya kizazi bila kuhitaji kuchanganya tena.

Lakini sikilizeni vizuri, kwa kuwa hapa ndipo wengi wetu huangukia. Wageuzeni wazazi wale wale, jogoo awe mweupe na matembe wawe wekundu, na alama yote itatoweka: vifaranga watatoka wamepauka wote, dume kwa jike, maana wote wamerithi weupe wa baba, unaolifunika vazi la mama. Mbegu ni zile zile mbili, banda ni lile lile, wala hakuna kilichobadilika ila nani ni baba na nani ni mama. Fauka ya hayo, wachukueni wale vifaranga waliotengeka vizuri, wakuzeni, na waacheni wazaane wao kwa wao. Katika wajukuu mtawaona madume wa dhahabu na majike wa dhahabu, madume waliopauka na majike waliopauka, na rangi haitasema tena neno lolote. Nimewaona watu waaminifu kabisa, waliofundishwa kwamba "wa dhahabu ni jike", wakaenda na kanuni hiyo katika kila banda na kila soko, wakaitumia kwa vifaranga wasiowajua baba wala mama, wakapoteza fedha zao na za jirani zao. Kanuni yao ilikuwa sahihi; iliyokosekana ni isnadi.

Ndivyo ilivyo pia kwa dalili ya bawa, ambayo leo imeenea sana katika vituo vya kuangulia vifaranga. Nawaomba mnifuate kwa makini, kana kwamba kifaranga yumo mkononi mwangu. Mshike kwa mkono wa kushoto, mgongo wake ukiwa kiganjani, usimbane tumbo; kisha kwa kidole cha mkono wa kulia ufungue bawa lake taratibu mbele ya taa, kama unavyofungua upepeo. Utaona safu mbili za vijinyoya vilivyochomoza mfano wa njiti nyembamba: safu ya chini ni ya manyoya makuu, yale atakayorukia, na safu ya juu ni ya manyoya yanayoyafunika. Kwa kifaranga jike zile njiti za chini zimezipita za juu kwa urefu ulio dhahiri, hata bawa likaonekana lina ngazi mbili. Kwa kifaranga dume safu mbili zinalingana, au ya juu imeipita ya chini. Ni dalili nzuri, ya haraka, isiyomdhuru mnyama. Lakini huonekana katika siku moja au mbili za mwanzo tu, na husema kweli kwa vifaranga ambao baba yao ni wa mbegu iotayo manyoya upesi na mama yao ni wa mbegu iotayo polepole, waliopangwa hivyo kwa makusudi. Mfungulie bawa kifaranga wa kienyeji aliyeanguliwa chini ya ghala, utaona njiti ndefu au fupi, nazo zitakueleza kama manyoya yake yataota upesi au yatachelewa. Juu ya jinsi yake hazina ushahidi.

Ipo njia moja inayojitenga na kanuni yangu, na ingekuwa dhuluma kuificha. Katika miaka ya 1920 wataalamu wa Japani, Kiyoshi Masui na Juro Hashimoto pamoja na wenzao, walithibitisha kwamba ndani ya tundu la kinyesi la kifaranga wa siku moja upo mwinuko mdogo mno, mfano wa kichwa cha sindano, ambao kwa dume huwa umejaa na kung'aa, na kwa jike aghalabu haupo au ni dhaifu. Khabari hiyo ilifikishwa mbele ya mkutano wa dunia wa wafuga kuku uliofanyika Ottawa mwaka 1927, na katika miaka ya 1930 mafundi wa Kijapani walisafiri mpaka Marekani na Kanada kufanya kazi hiyo na kuifundisha. Fundi aliyekamilika hutenga vifaranga wapatao 1,000 kwa saa moja, na katika kila 100 hukosea wawili au chini ya hapo. Yeye haulizi baba wala mama, kwa sababu anausoma mwili wenyewe.

Lakini naye pia ana isnadi, nayo ni ya mwalimu kwa mwanafunzi. Kazi hiyo hufundishwa kwa miezi mingi, jicho kwa jicho na mkono kwa mkono, kwa kuwa miinuko hiyo ina maumbo mengi na baadhi yake hufanana sana. Mwaka 1987 watafiti wawili wa Marekani, Irving Biederman na Margaret Shiffrar, walimtaka fundi mmoja aliyebobea awaonyeshe katika picha hasa anatazama nini. Wakapata maelezo mafupi ya ukurasa mmoja, na watu wasiojua kitu, waliokuwa wakipatia takriban picha 60 katika 100, walipoyasoma walipatia 84. Nafurahi kila nikumbukapo jambo hilo, kwa maana linathibitisha kwamba elimu ya mkono si uchawi, inaweza kusemwa na kugawanywa. Hata hivyo 84 za picha si 98 za kifaranga aliye hai, na aliyesoma ukurasa mmoja asijaribu nyumbani. Tumbo la kifaranga wa siku moja bado limebeba mabaki ya kiini. Akibanwa na kidole kisichofunzwa hupasuka ndani, akafa kabla ya magharibi.

Sasa niseme juu ya mbegu, ambayo ni nusu ya pili ya swali letu. Hapa kanuni yangu ni hii: mwili wa kifaranga hukanusha vizuri kuliko unavyothibitisha. Muuzaji akikwambia huyu ni Light Sussex safi, nawe ukaona miguu ya manjano, tia shaka, kwa maana Sussex miguu yake ni myeupe. Ukiona undu wenye safu tatu za vijipele badala ya safu moja iliyosimama, au vidole vitano mguuni badala ya vinne, au shingo tupu isiyo na malaika, usitie shaka tena, mkatalie kwa adabu. Lakini ukiona miguu myeupe, undu wa safu moja, vidole vinne na malaika wa manjano iliyopauka, umeona tu kwamba hakuna kinachompinga. Na wako vifaranga wengi wa chotara ambao hakuna kinachowapinga mpaka wafikishe miezi mitatu.

Zipo alama mbili tatu ambazo huwapotosha watu wetu kila siku, nami nitazitaja. Yule kuku mweusi ambaye Watanzania wengi humwita kuku wa Malawi, na jina lake la asili ni Black Australorp, hatoki katika yai akiwa mweusi mzima. Hutoka na tumbo la rangi ya maziwa na ncha za mabawa zilizopauka. Wanunuzi wamewarudisha vifaranga safi wakidhani wamechanganywa, na wauzaji waliosema kweli wamehesabiwa waongo. Kishingo naye huonekana tangu saa ya kwanza, kwa kuwa shingo yake hutoka tupu, na watu husema huyu bila shaka ni wa kienyeji. Kumbe uchi huo wa shingo, unaomsaidia kuku kupoza mwili katika joto, hutumiwa pia na wafugaji wa Ufaransa katika kuku wao wa nyama, na unatosha kurithiwa kwa mzazi mmoja tu ili uonekane. Kishungi hujulikana mapema kwa kijivimbe cha utosini. Lakini yule wa manyoya yaliyojikunja hujificha, kwa maana malaika wake ni kama wa wenziwe mpaka manyoya ya kweli yaote. Na kuchi, fahari ya pwani yetu, kwa urefu wa miguu na upana wa kifua hutiliwa dhana mapema, ila yakini yake huja na wakati.

Kwa nini tujisumbue hivi? Kwanza kwa sababu ya riziki, maana mjane aliyekopa ili anunue vifaranga 50 wa kutaga, akapata mapora 25, hakupoteza nusu ya faida yake tu; amelisha midomo 25 kwa miezi bila kujua. Pili kwa sababu ya uhai wenyewe. Katika nchi zenye vituo vikubwa, vifaranga dume wa mbegu za mayai, ambao hawatagi wala hawanenepi upesi, wameuawa siku ile ile waliyozaliwa, na hesabu yao ni ya mamilioni. Ujerumani imelipiga marufuku jambo hilo tangu mwanzo wa mwaka 2022, na sasa watu hutafuta kuijua jinsi ndani ya yai kabla kifaranga hajaumbika sawasawa. Sisi ambao kwetu pora ana thamani, ambaye huwekwa kwa ajili ya mgeni na kwa ajili ya Idd, tuna neema ya kutohitaji kumtupa. Tunachohitaji ni kumjua kwa haki, alipe gharama yake na auzwe kwa jina lake.

Basi nausia mambo matatu. Muuzaji aseme wazi baba ni nani na mama ni nani, na kama hajui aseme hajui. Hiyo ni amana, na mnunuzi atalipa kwa kadiri ya ujuzi huo. Mfugaji awe na daftari: amfunge kifaranga uzi mwekundu mguuni anapomdhania jike na mweusi anapomdhania dume, aulegeze kila wiki mguu unapokua, na wiki ya 12, manyoya ya shingo na ya kiuno ya madume yatakapochongoka na ya majike yakabaki na ncha za duara, ahesabu alipatia wapi na alikosea wapi. Daftari moja lililoandikwa kwa ukweli lina faida kuliko macho kumi yaliyosifiwa. Na tatu, sote tujifunze kusubiri pale ambapo isnadi imekatika, kwa kuwa undu utakuja kupanda na sauti itakuja kutoka, wala hakuna aliyewahi kumzuia pora asiwike.

Bibi yangu hakujua Z wala W. Lakini koo wake alipoangua, hakuwaita vifaranga madume au majike. Aliwaita kwa wazazi wao, "hawa wa mwekundu na yule kishingo wa kwa jirani", na aliyekuja kununua alipewa kwanza maneno hayo, ndipo akapewa kifaranga. Nami kila ninaposimama sokoni mbele ya tenga, kabla sijafungua bawa wala kutazama rangi, huinama nikamwuliza mwenye tenga swali la bibi. Wapo wanaonijibu, na wapo wanaofunika tenga wakageuka. Nimejifunza kununua kwa wale wa kwanza.